Elimu Isiyomjulisha Mtu Nafsi Yake

Zamani za kale, kabla ya reli na madaraja, mtu aliyetaka kuingia kisiwani Mombasa kwa miguu alikuwa na mlango mmoja: Makupa. Hapo ndipo maji ya hori yalipopungua wakati wa kupwa, kikapatikana kivuko. Mwaka 1589 macho ya mji yalikuwa yameelekea baharini, ambako merikebu za Wareno zilikuja kupigana na watu wa mji na Waturuki waliokuwa pamoja nao. Kumbe jeshi la Wazimba lilikwisha tua bara, ng'ambo ya kivuko. Na lilipovuka, mji ukaangamia. Msiba huo ulikuwa somo kwa Wareno. Walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 ili kulinda upande wa bahari, lakini Makupa nako hawakukuacha wazi. Waliweka ngome ndogo za kulinda kivuko.

Kila mtu ni kisiwa cha namna hiyo. Ana upande wa bahari, unaoonekana na watu wote: sura yake, maneno yake, vyeti vyake na cheo chake. Ana na kivuko pia, mahali pa siri ambapo tamaa, hofu, kijicho na uvivu huingia kwa miguu bila ya kupiga baragumu. Shule zetu zimejenga ngome kubwa upande wa bahari. Upande wa kivuko hazikuweka hata mlinzi mmoja. Katika insha hii nataka kuwashitaki wote walioridhika na hali hiyo, wazazi, walimu, wakuu wa elimu na wanafunzi wenyewe, na kuonyesha kuwa elimu isiyomjulisha mtu nafsi yake haijatimiza kazi yake, hata kama imemjaza maarifa mpaka kooni.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maana ya maneno. Elimu ina daraja tatu. Ya kwanza ni kujua vitu: hesabu, nyota, miti, madini na mashine. Ya pili ni kujua watu: lugha zao, historia yao, sheria zao na jinsi ya kukaa nao kwa wema. Ya tatu ni kujijua mwenyewe: kutambua kile unachokipenda kwa kweli na kile unachojidai kukipenda; kujua hofu inayokutawala, kipawa ulichopewa, na deni ulilo nalo kwa Mungu na kwa wanadamu wenzako. Nafsi ninayoisema ndiyo ile inayojua ulilolitenda gizani hata kama hapana jicho lililokuona. Masheikh wa mwambao wana msemo kuwa ajijuaye nafsi yake humjua Mola wake. Wayunani wa kale, ambao hawakuwa na dini ya masheikh hao, waliandika katika hekalu la Delphi amri ya mtu kujijua. Watu waliotengwa na bahari na karne nyingi wakikutana katika neno moja, yafaa neno hilo lisikizwe.

Walakini halisikizwi. Wapinzani wake ni wengi, na nitawajibu mmoja mmoja.

Mpinzani wa kwanza ni mtu wa tumbo. Husema, "Nafsi hailiwi. Baba anayebeba mizigo Kilindini na mama anayekaanga viazi kando ya barabara ya Makupa hawatoi karo ili mtoto wao akae akiwaza nafsi yake. Wanataka apate kazi." Mpinzani huyu hasemi upuuzi, na mimi sitamcheka. Njaa ni kweli. Mtoto aliyesomeshwa kwa jasho la wazazi ana wajibu wa kulirudisha jasho hilo kwa kazi ya halali. Lakini hebu tumwulize: ni kazi ya namna gani, na itafanywa na mtu wa namna gani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ya Kenya ilipatwa na mkasa ulioitwa Goldenberg. Fedha nyingi za umma zililipwa kuwa tuzo ya kuuza ng'ambo dhahabu na almasi, na biashara hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya makaratasi tu. Tume ya Jaji Samuel Bosire iliyochunguza jambo hilo ilitoa ripoti yake katika mwaka 2006. Mtu asiyejua kusoma hawezi kuiba kwa njia hiyo. Wizi wa makaratasi huhitaji watu wanaojua kuandika barua nzuri, kupiga hesabu na kutia sahihi mahali panapotakiwa. Watu hao walipita shuleni, wakaketi kwenye madawati kama haya yenu, wakasahihishiwa madaftari yao. Waliijua hesabu, kilichokosekana ni mlinzi wa kivuko. Basi mtu wa tumbo na ajue kuwa elimu ya vitu peke yake haimhakikishii chakula. Yaweza kumlea mwizi stadi zaidi, naye mwizi huyo atakula chakula cha watoto wa mchukuzi wa Kilindini kabla hakijafika nyumbani.

Mpinzani wa pili ni mtu wa mizani. Huyu huamini kuwa mtihani umekwisha kumpima mtu, na kwamba alama alizopata ndizo yeye mwenyewe. Ndiye aliyeenea zaidi katika mitaa yetu. Matokeo ya mtihani yanapotangazwa, nyumba moja hupiga vigelegele na nyumba ya pili hukaa kama yenye matanga. Kijana aliyefanya vibaya huambiwa na wazazi wake, mbele ya jirani, kwamba amewatia aibu; wala haulizwi amejifunza nini, ameshindwa wapi, au ana kipawa gani kisichoulizwa na mtihani. Akisikia neno hilo mara nyingi huliamini. Yuko aliyeliamini akazama katika unga, ambao umeharibu vijana wengi wa Mombasa. Yuko pia aliyepata alama za juu akaamini kuwa yeye ni bora kuliko wenzake. Naye pia ameharibika, ijapokuwa uharibifu wake hauonekani upesi.

Lugha yetu ina hekima katika jambo hili. Neno "daraja" kwa Kiswahili ni kitu cha kuvukia, na tena ni cheo anachopewa mtahiniwa. Daraja la mtihani nalo ni la kuvukia tu. Hapana mwenye akili ajengaye nyumba yake juu ya daraja, wala anayedhani kuwa aliyekawia kuvuka hatafika ng'ambo kamwe.

Ushahidi tunao hapa hapa kisiwani. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa katika mwaka 1933. Alipofanya mtihani wa cheti cha Cambridge mwishoni mwa miaka ya 1940 alipata matokeo ya chini, na Chuo cha Makerere hakikumpokea. Kwa hukumu ya mtu wa mizani, habari yake ilikuwa imekwisha. Akafanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo siku hizi ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Lakini kijana huyo alikuwa anajijua. Alijua kuwa kipawa chake kilikuwa katika mjadala, katika kuitetea fikra mbele ya watu, na hakuacha kukinoa. Njia ya masomo ikafunguka hata akafika Uingereza. Akapata shahada Manchester katika mwaka 1960, kisha Columbia ya New York, na udaktari wa Oxford katika mwaka 1966. Na ni chuo gani kilichompa kiti cha uprofesa katika mwaka 1965? Ni Makerere ile ile. Mlango uliofungwa mbele ya mwanafunzi ulifunguliwa kwa mwalimu. Alipofariki katika mwaka 2014 alirudishwa kuzikwa Mombasa, akiwa amejulikana duniani kote.

Simtaji Mazrui ili mwanafunzi mvivu apate kisingizio. Wengi waliofeli hawakuwa maprofesa, na kufeli hakumfanyi mtu kuwa mwenye kipawa. Namtaja kwa kuwa mizani ilisema uongo juu yake, na kama angeliamini uongo huo tusingelikuwa na habari ya kusimulia. Mizani ya dukani ni kitu cha haki inapopima sukari. Mwenye duka akiitumia kupima urefu wa kitambaa, ubaya si wa mizani. Ni wa mwenye duka. Mtihani hupima kilichoulizwa, kwa siku iliyoulizwa. Anayeutumia kupimia thamani ya mtu amefanya kosa la mwenye duka huyo.

Mpinzani wa tatu huvaa joho la heshima. Husema, "Mambo ya roho ni ya msikitini na kanisani. Darasani tufundishe sayansi." Jibu langu kwake lina sehemu mbili. Kwanza, nafsi haiachwi mlangoni kama viatu. Mwanafunzi anayenakili kazi ya mwenzake ananakili kwa nafsi yake, na anayekiri "sijui" mbele ya darasa zima anakiri kwa nafsi yake. Hapana somo la hesabu ambalo wakati huo huo si somo la ukweli au la udanganyifu. Pili, huko anakotupeleka nako ugonjwa umefika. Mtoto hukariri sura nyingi bila ya kuambiwa maana yake; mwingine hushindania zawadi ya kukariri aya za Biblia, na akitoka nje humtukana mlemavu. Kukariri ni jambo jema, kwani ni ghala. Lakini ghala isiyofunguliwa hailishi mtu. Elimu bila ya amali ni kama mti bila ya matunda, iwe elimu ya chuoni au ya shuleni.

Aliyelijua jambo hili kwa uchungu ni Imamu Ghazali. Katika mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu katika madrasa ya Nidhamiya huko Baghdad. Wanafunzi walimzunguka, wakubwa walimwalika, hoja zake ziliwanyamazisha wapinzani. Siku moja alijiuliza kwa nini anafundisha, na jibu alilolipata katika moyo wake lilimtisha: alikuwa akifundisha kwa ajili ya sifa. Ulimi ukamwia mzito hata hakuweza kutoa somo. Akaacha kiti, akagawa mali yake, akaenda Sham na Baitul Mukaddas akiishi maisha ya faragha. Baada ya miaka kiasi cha kumi alirudi kufundisha, na mtu aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Tazameni basi: hakuwa amepungukiwa na elimu ya dini. Alikuwa nayo kuliko watu wa zama zake. Alichokwenda kukitafuta ni kujua nani ndani yake anayeitumia elimu hiyo, na kwa ajili gani.

Katika Mombasa yetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, baba yake Ali, alipigana vita hivi kwa kalamu. Alitoa gazeti la Sahifa katika mwaka 1930 na Al-Islah katika mwaka 1932, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka kufa kwake katika mwaka 1947. Alikabiliwa na makundi mawili. Kundi moja liliogopa shule za kisasa kama kwamba ni moto. Kundi la pili lilizipenda, pamoja na kila jambo la Wazungu, likaiga mavazi na desturi bila ya kuuliza manufaa yake. Sheikh aliwagombeza wote wawili. Aliwataka watu wake, wanaume kwa wanawake, wasome elimu ya zama zao, na papo hapo wasijisahau wao ni nani. Alitambua kuwa anayeikataa elimu kwa hofu na anayeimeza bila ya kutafuna wana ugonjwa mmoja: hapana kati yao aliyeuliza swali lililotoka katika nafsi yake.

Mwalimu Julius Nyerere naye alisema jambo la jirani na hilo alipotoa Elimu ya Kujitegemea katika mwaka 1967. Aliona kuwa shule walizorithi zilimtenga kijana na jamii yake na kumfundisha kudharau kijiji kilichomlea. Wako watakaosema kuwa mipango yake mingi haikufaulu. Hilo si jibu. Swali lake lingali limesimama mlangoni: kijana akitoka shuleni anamwonaje mama yake aliye sokoni? Ikiwa anamwonea haya, shule imemfunza uongo juu ya asili yake; na mwacha asili ni mtumwa.

Mpinzani wa nne ni mjanja zaidi. Husema kuwa kujitazama ni ubinafsi, na kwamba kijana akiambiwa ajitambue atakuwa na majivuno. Hakika ingekuwa hivyo kama kujijua kungekuwa ni kujitazama katika kioo. Lakini aliyejichunguza kwa haki hukuta ndani yake mambo ya kumnyenyekeza: ahadi alizovunja, kijicho alichokificha, msaada aliopewa na watu aliowasahau. Mtu huyo hawi mwepesi wa kuhukumu. Makupa ni mahali pa kujifunza hayo. Hapa watu wa pwani na wa bara, Waislamu na Wakristo na Wahindu, hupita njia moja na kusongamana kituo kimoja cha matatu. Asiyejijua huwagawa watu hao kwa kabila na dini kabla hajawasikia. Anayejijua amekwisha kukutana na udhaifu nyumbani kwake mwenyewe, na huuvumilia anapoukuta kwa jirani.

Yamkini msomaji atasema kuwa mambo yamekwisha badilika. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023; na mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini mwaka 2019, unataka vipawa vya kila mtoto vitambuliwe. Nia hiyo ni njema na naiunga mkono. Lakini chombo kipya hakigeuzi maji yaliyomo. Mzazi aliyekuwa akihesabu alama sasa aweza kuhesabu viwango. Mwalimu aliyekuwa akifundisha kwa ajili ya mtihani aweza kujaza karatasi za tathmini kwa haraka ile ile. Hapana mtaala uwezao kumjua mwanafunzi kwa niaba yake mwenyewe.

Wala tusidhani kuwa twalazimika kuchagua kati ya mkate na roho. Kwa miongo mingi palikuwa na tuta la udongo na mawe hapo Makupa. Lilifaa sana: watu walivuka, magari yalivuka, mizigo ya bandari ilipita kwenda bara. Lakini tuta hilo lilizuia maji ya upande wa Tudor yasikutane na ya upande wa Port Reitz, na mkondo ukafa. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja, na maji yakapata njia tena. Magari yangali yanapita juu, na mkondo unapita chini. Shule nayo yaweza kuwa daraja la namna hiyo: ikavusha watoto wa maskini waende kwenye kazi, bila ya kuziba mkondo ulio chini yao. Shule iliyo tuta huvusha watu na kuua maji.

Basi, enyi vijana, msingoje mtaala mwingine. Yako mambo mnayoweza kuyaanza leo. Mwenye duka wa Makupa hafungi mlango jioni kabla ya kutazama daftari lake: ameuza nini, anadaiwa nini, wapi pana upungufu. Asiyefanya hivyo hufilisika huku duka lake limejaa wateja. Kila usiku, kabla ya kulala, fungua daftari la nafsi yako. Jiulize: Leo nilisema uongo wapi, na niliogopa nini hata nikausema? Ni kazi gani niliyoifanya kwa furaha ingawa hapana aliyenisifu? Nani alinifaa, nami sikumshukuru? Majibu usimwonyeshe mtu ikiwa hutaki. Lakini usijidanganye, kwa kuwa hapo hapana mwalimu wa kudanganywa isipokuwa wewe.

Darasani, usione haya kusema "sijui", maana mlango wa elimu haufunguki kwa ufunguo mwingine. Usinakili jibu, hata kama ni sahihi. Jibu la kunakili ni nguo ya kuazima, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Ukipata alama za juu, uliza utamfaa nani kwa hizo. Ukipata za chini, uliza zinakufundisha nini, kisha uinuke. Na mtu akikuambia kuwa karatasi ile ndiyo wewe, mheshimu kama ni mkubwa wako, lakini neno lake usiliamini. Wewe ndiwe uliyeishika kalamu. Karatasi haiwezi kumjua aliyeiandika.